Maiti Hawamezi Vidonge

Magunga, kupitia Homa Bay
19 Februari 1996

Kaka Gisiri,

Anayekuandikia ni marehemu. Usimwage chai, ni mimi dada yako Bhoke, yule uliyemzika kwenye redio Jumapili ya juzi, katika kipindi cha wasomi, nchi nzima ikisikiliza.

Mimi mwenyewe sikusikia. Nilikuwa jikoni nikikaanga samaki, na redio ya hoteli yangu betri zake zimechoka. Waliosikia ni watu wa kwetu Ntimaru. Mwalimu Mochama wa shule ya msingi, mgeni ambaye hata hanijui, alisikia Profesa Mirumbe akieleza kwa nini alisomea ubongo. Alisikia habari za dada aliyeitwa Bhoke, aliyekuwa na kifafa, akaangukia motoni, akafa. Akavaa koti lake akaenda kwa Mama kumpa pole. Mama hakuuliza ni lini. Anajua nina kifafa na anajua kazi yangu ni ya moto. Alipiga ukunga pale pale mlangoni.

Sasa nikueleze nilivyopata habari ya kifo changu. Asli, yule Msomali mwenye duka jirani yangu, ndiye aliye na simu hapa. Alikuja mbio, shungi limemwanguka mabegani, akasimama akinitazama kama anayetazama jini. "Min Boaz," akasema, maana hapa wote wananiita mama Boaz kwa Kijaluo, "kuna watu ya Kehancha kwa simu. Wanauliza mwili yako italetwa lini."

Nilicheka, Gisiri. Nilidhani ni mzaha wa walevi. Kisha nikaishika ile simu nikasikia sauti ya binamu yetu, na nyuma yake watu wakilia. Niliacha samaki kwenye karai, nikaenda Migori, Kehancha, mpaka Ntimaru. Nilikuta mikeka imetandikwa uani. Mama alinishika uso, masikio, akakunja mkono wa gauni kuliona kovu la moto la mkono wangu wa kushoto, ndipo akaamini. Mama yetu, mzee vile, alikuwa amenililia tangu asubuhi ya jana yake.

Na unajua alichofanya baada ya hapo? Alinipikia. Akanyoosha mkono juu ya kabati akateremsha lile bakuli la bati lenye ukingo wa buluu. Lile lile langu, ambalo hakuna mwingine aliyelitumia tangu tukiwa wadogo. Alilifuta vumbi kwa upendo wote akanipakulia humo. Nilikula. Ningefanya nini?

Sitaki pole yako. Nataka jambo moja tu: urudi kwenye redio ile ile, siku ile ile ya Jumapili, useme kwamba Bhoke yu hai. Maneno machache tu. Una digrii za kukuwezesha kuyatamka.

Dada yako,
Bhoke

*

Idara ya Sayansi ya Ubongo
Chuo Kikuu, Nairobi
4 Machi 1996

Mdogo wangu Bhoke,

Barua yako imenifikia na imeniumiza. Namsikitikia Mama, na nimeshamwandikia. Huyo mwalimu alikosa busara. Mtu mwenye akili huuliza kabla ya kutangaza msiba.

Lakini tuelewane. Nilichotoa kwenye redio kilikuwa mhadhara. Mhadhara una njia zake. Watu hawasikilizi seli wala umeme wa ubongo, wanasikiliza binadamu. Ukitaka mkulima wa Ntimaru aelewe kwamba kifafa si pepo wala hakiambukizi kwa mate, lazima umpe mtu wa kumhurumia kwanza. Nimempa. Nilipomaliza, simu ya idara haikunyamaza wiki nzima. Wazazi walipiga kutoka kila pembe wakiuliza walete watoto wao wapi. Hilo hulioni?

Na sasa kuna jambo kubwa zaidi, nalo ningependa ulijue kutoka kwangu. Kwa miaka mingi nimewaandikia wafadhili wa ng'ambo nikiomba kliniki ya kifafa kwa watu wa kwetu. Niliwapelekea takwimu, wakajibu asante. Niliwapelekea picha za wagonjwa walioungua, wakajibu asante sana. Huku maabara yangu friji linakufa kila stima ikipotea, na wenzangu niliosoma nao wamehamia ng'ambo mmoja mmoja. Mwaka juzi nikawasimulia habari ya dada yangu. Wamekubali. Dawa bure, mashine ya kupima umeme wa ubongo, muuguzi aliyefunzwa. Itafunguliwa Homa Bay mwezi wa Juni, nayo itaitwa Kliniki ya Kumbukumbu ya Marehemu Bhoke Mirumbe.

Nikirudi redioni kusema ulivyotaka, hakuna kliniki. Fikiria kwa kichwa kilichotulia. Nimekutumia vidonge vyako kama kawaida, na gari la Yassir, dereva wetu wa siku zote. Usivikose hata siku moja.

Kaka yako,
Prof. G. Mirumbe

*

Magunga
15 Machi 1996

Kwa Profesa G. Mirumbe,

Umeniwekea sahihi ya Profesa. Mimi dada yako, tumelala ngozi moja utotoni, unaniwekea sahihi ya Profesa. Haya.

Kwa hiyo sasa nina kliniki. Watu wengine huwa wanangoja wafe kweli ndipo waitiwe majengo, mimi nimeharakishiwa. Na kwa nini Homa Bay, kaka? Wewe si mtu wa Homa Bay. Wewe ni mtu wa Ntimaru, na watoto wanaoanguka kifafa Ntimaru unawajua kwa majina ya baba zao. Nitakuambia kwa nini. Ntimaru kila mtu ananijua. Mzungu wako angeshuka garini akiuliza kaburi la marehemu, bibi wa kwanza njiani angemwambia, "Bhoke? Alikuwa hapa juzi, ameolewa na Mjaluo huko Magunga." Ndiyo maana watu wa kwetu wamenyimwa kliniki. Wamenyimwa ili uongo wako upate mahali pa kukaa bila kusumbuliwa.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa eti umempa mkulima mtu wa kumhurumia. Ulichomfundisha mkulima ni kwamba mwenye kifafa mwisho wake ni moto na kaburi. Mbona usimwambie kwamba mwenye kifafa anaweza kuolewa, akazaa, akasomesha, akafungua hoteli inayolisha madereva wa lori na maaskari wa mbuga? Hilo si la kuhurumiwa? Au mimi mzima sina faida kwako?

Vidonge vyako nimevipokea. Ninavirudisha kwa gari lile lile la Yassir, sijafungua. Maiti hawamezi vidonge.

Ni mimi,
Marehemu

*

Lango la Mbuga, Ruma
8 Aprili 1996

Shemeji,

Mimi si mwandishi. Mimi ni Fanuel, mume wa Bhoke, na kazi yangu ni kufungua na kufunga lango la mbuga. Lakini leo nimeshika kalamu kwa hasira na utanisoma.

Mke wangu ameanguka. Miaka na miaka hajaanguka, mpaka mimi nilikuwa nimesahau zile sauti. Ameanguka nyumbani, namshukuru Mungu haikuwa hotelini, na namshukuru tena kwamba jiko lilikuwa halijawashwa. Nilimlaza ubavu nikamshikilia mpaka ikapita. Ameuma ulimi, shavu limevimba. Kesho yake watu wamemuuliza, akasema ameng'olewa jino. Asli peke yake ndiye anajua ukweli, na hajafungua mdomo.

Nimemuuliza vidonge viko wapi, akageukia ukutani. Nikapekua, ndipo nikaipata barua yako. Nimeisoma yote. Mimi na wewe hatujawahi kukosana, Shemeji. Ulipokuja kunipima kabla ya kunipa dada yako ulinieleza kifafa ni nini, ukaniambia nisiogope, na sikuogopa. Wewe ndiye ulinifundisha. Sasa mtu aliyenifundisha kutoogopa anatangaza kwa redio kwamba mke wangu aliungua akafa akiwa mtoto. Mimi basi nimeoa nani? Boaz wangu amezaliwa na nani?

Leta dawa. Usilete maneno, leta dawa. Huyo mwanamke ni mkaidi kuliko nyati, lakini nikimwekea mkononi mimi mwenyewe atameza.

Fanuel

*

Nairobi
16 Aprili 1996

Bhoke,

Dawa zimetoka leo, na nimempa Yassir maagizo azikabidhi kwa Fanuel mkono kwa mkono. Nimeshindwa kufanya kazi tangu nisome barua yake. Jana nilikuwa na wanafunzi maabara, nikasahau nilichokuwa nikiwaonyesha.

Ulitaka kuniadhibu kwa mwili wako. Unajua fika kwamba dawa hii haiachwi ghafla. Nilikueleza ukiwa msichana na nimekueleza mara nyingi baadaye. Umeiacha makusudi, huku kazi yako ni kuinama juu ya karai la mafuta. Kama ungeungua ukafa kweli, ungekuwa umenishinda, sivyo? Huo si ujasiri, ni upumbavu, na sitaomba radhi kwa kuuita hivyo.

Na kwa kuwa umeamua tusemezane bila staha, na mimi nitakuuliza. Nani huko Magunga anajua una kifafa? Fanuel na Asli. Wateja wako wanajua? Wale akina mama wa kikundi chako cha upishi wanajua? Umeanguka, ukawaambia umeng'olewa jino! Nani huko anajua hata jina la Bhoke? Wote wanakuita Min Boaz. Ulipoolewa uliliacha jina lako Ntimaru pamoja na lile bakuli, ukaenda mahali ambapo hakuna anayekumbuka ukianguka kisimani. Mimi sikukulaumu. Niliona ni haki yako. Lakini usinijie sasa na machozi ya jina. Mimi nimelizika redioni mara moja. Wewe umelizika miaka yote hii, kila asubuhi ukifungua mlango wa hoteli.

Sasa sikiliza la mwisho. Kliniki itafunguliwa tarehe 15 Juni. Wafadhili watakuwepo, wameleta bamba la shaba la ukutani, jina limeshachongwa. Nakuomba, kama kaka, siku hiyo usije Homa Bay. Ukae kwako. Baada ya hapo nitakuja Magunga mimi mwenyewe tuzungumze kama watu wazima.

Gisiri

*

Magunga
2 Mei 1996

Gisiri,

Nimemeza vidonge. Fanuel alisimama mbele yangu na kikombe cha maji kama mwalimu wa zamu.

Ulichosema kuhusu jina ni kweli. Nimekisoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kukukatalia, sijapaona. Usifurahi. Nimekasirika zaidi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu aliyeniambia ni wewe.

Ila kuna tofauti moja, ewe msomi. Mimi nilijificha ili watu wale chakula changu. Nisingejificha ningekufa njaa, kwa sababu unajua watu wanavyoamini: mwenye kifafa akishika chakula, anayekula naye ataanguka. Na wewe unajua zaidi ya mtu yeyote katika nchi hii kwamba huo ni uongo. Ndiyo kazi uliyoajiriwa, kuuvunja. Mimi nilikuwa nimejificha nikikungoja wewe uuvunje.

Kuhusu tarehe 15 Juni, umechelewa. Kamati ya sherehe imetafuta kikundi cha akina mama cha kupikia wageni. Wametuchagua sisi wa Magunga. Inasemekana samaki wetu ni mzuri.

Bhoke

*

Nairobi
18 Juni 1996

Dada,

Sijui nianzie wapi, na nimechana karatasi kadhaa.

Nilikuona tangu asubuhi. Nilikuona umefunga leso ile ya kikundi, unabeba sufuria na yule mwenzako mrefu anayeitwa Leonida. Nilipokuwa nikihutubia, nilikuona umesimama kando ya turubai umekunja mikono. Kila nilipotamka neno marehemu nilingoja upige kelele. Hukupiga. Niliteremka jukwaani nimesahau karatasi zangu, na mkuu wa wale wafadhili akanishika bega akidhani ni huzuni.

Nakushukuru kwa kunyamaza. Kliniki imesimama. Hilo ni lako pia.

Kuhusu sahani, maana najua hilo ndilo ulilo nalo moyoni. Ulipoiweka mbele yangu nilimsogezea mgeni aliyekuwa kushotoni kwangu. Ni adabu, Bhoke. Mgeni huanza. Kisha Leonida akaniletea nyingine nikala hiyo. Huo ndio ukweli na sina mwingine. Yule mgeni alikula samaki wako mpaka mifupa, akauliza kama anaweza kuongezewa.

Nilikutazama ukiondoka na zile sufuria, hukugeuka. Tangu nirudi nimeketi mbele ya wanafunzi nikiwaeleza kwamba mkono hutii kabla mwenyewe hajajua ameamuru, jambo ambalo nimelifundisha maisha yangu yote, nikajikuta nautazama mkono wangu mwenyewe. Kama nilikosa, nilikosa kama mtoto wa Mama, si kama profesa. Wewe mwenyewe ulikula katika lile bakuli mwezi wa pili bila kumlaumu Mama. Kwa nini mimi pekee ndiye nisiyesamehewa?

Nitakuja Magunga mambo yakitulia. Kwa sasa kuna ripoti ya wafadhili na mitihani.

Gisiri

*

Magunga
9 Julai 1996

Kaka Gisiri,

Nitakujibu swali lako kwanza. Mama hajui. Hakuna aliyemfundisha. Lile bakuli kwake ni dawa, ndiyo dawa pekee aliyopewa, na analifuta vumbi kwa mikono yake miwili. Wewe unajua. Umejua tangu ukiwa kijana, umelipwa mshahara kwa kujua, umeitwa Profesa kwa kujua. Na bado ulisukuma sahani yangu. Ndiyo maana Mama nimemsamehe kabla hajaomba, na wewe bado.

Usiniambie habari ya mgeni huanza. Wageni walikuwa wameshapewa. Sahani zao zilikuwa mbele yao, niliziweka kabla ya yako, na huyo wa kushotoni alikuwa amekwisha kunawa. Ulitazama kovu la mkono wangu, kisha ukasukuma. Alikula sahani mbili kwa sababu yako, maskini, akadhani ni ukarimu wa Kiafrika.

Sasa nikueleze nilichofanya. Nakueleza mapema usije ukasikia redioni.

Jumatatu kliniki yako ilipoanza kazi, nilikwenda. Fanuel aliomba ruhusa langoni akanisindikiza, akabaki nje na Asli, maana Asli naye alifunga duka, Asli ambaye hafungi duka hata kwa mvua ya mawe. Ndani kulikuwa na benchi refu limejaa. Wanawake wengi wamejifunika leso mpaka puani kama wezi. Muuguzi, msichana wa Kisii anayeitwa Nyasuguta, anakaa mezani chini ya lile bamba lako la shaba. Anauliza jina, anaandika kadi.

Nikasikiliza majina. Gisiri, hakuna jina la kweli lililotajwa pale! Mmoja alisema anaitwa Mary, aliyekaa naye akamkazia macho. Mwingine alisimama muda mrefu kabla ya kusema jina lake, utadhani ameulizwa hesabu. Hiyo ndiyo kliniki yako. Dawa ni bure, mashine inang'aa, na watu wanakuja kama waliokuja kuiba. Utawafuatilia vipi? Mtu akianguka nyumbani, utamuuliza nani, Mary asiyekuwepo? Nikatazama ukutani nikaona limeandikwa MAREHEMU kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe, nikaelewa. Mlango wa kliniki unawaambia wote wanaoingia: mwenye ugonjwa huu anayetajwa kwa jina lake ni yule aliyekufa. Walio hai wajifiche.

Nilipofika mezani, Nyasuguta akauliza, "Jina, mama?"

"Bhoke Mirumbe," nikasema.

Alicheka kidogo. "Hiyo iko kwa ukuta, mama. Hiyo ni ya marehemu. Wewe sema yako."

"Ndiyo yangu."

"Mama, kuna watu wengi wanangoja."

Nikakunja mkono wa gauni nikamwonyesha kovu. Nikasema kwa sauti, si ya kupiga kelele, ile sauti ninayotumia hotelini wateja wakiwa wengi: "Huyo wa ukutani ndiye mimi. Niliungua, sikufa. Naishi Magunga, wengine wananiita Min Boaz. Nina hoteli pale sokoni. Kama ulipita Magunga ukala samaki, mimi ndiye nilikupikia, na nina kifafa tangu utotoni. Wewe mwenyewe ulikula chakula changu siku ya kufungua. Umeanguka?"

Msichana akashika kalamu tu. Akatazama bamba, akanitazama, akasema taratibu, "Sijaanguka." Ndipo akaandika. Bhoke Mirumbe. Kazi, mkulima au mfanyabiashara: mfanyabiashara. Yu hai, ingawa kadi haina mahali pa kujaza hilo.

Nilipogeuka, benchi lote lilikuwa linanitazama. Katikati yao nikaona macho ninayoyajua juu ya leso. Leonida. Leonida wangu wa kikundi, niliyebeba naye sufuria, tuliyepika naye miaka yote hiyo kila mmoja akimficha mwenzake kitu kile kile. Alisimama, akanipita bila kunitazama, akaenda mezani. "Sister," akasema, "futa ile ya kwanza. Niandike Leonida." Baada yake akaenda yule Mary. Baada ya Mary sikuangalia tena, maana nilikuwa nalia, na sikutaka Fanuel aone akafikiri nimeshindwa.

Usidhani nakuandikia habari njema. Ilifika Magunga kabla yangu. Siku ya soko hoteli yangu ilikuwa na nzi tu. Madereva walinunua mandazi kwa jirani wakala wamesimama, wakiniangalia kutoka upande wa pili wa barabara. Kikundi kimeniletea ujumbe, kwa heshima zote, nipumzike kupika kwa muda. Leonida alikuwa kati ya waliotumwa. Hapa Magunga hajasema kitu kuhusu yake, na mimi sitamsemea. Asli alikuja na watoto wake akaketi meza ya mbele, palipo na jua, ili kila anayepita aone. Fanuel akaja baada ya zamu, akaketi naye. Hao ndio wateja wangu. Nilipika sufuria nzima, na kilichobaki nikakimwaga.

Kwa hiyo tumelipa, Gisiri. Uliniambia nimelizika jina langu mwenyewe, nami nimelifukua, na hoteli imekwenda nalo. Sijuti. Nimekasirika tu kwamba ilibidi nilifukue peke yangu wakati kaka yangu ana redio nzima.

Wafadhili wako watakuuliza. Muuguzi lazima aandike majina, na jina langu ni la kwanza lililo la kweli. Waambie unavyotaka. Wakiichukua kliniki kwa sababu dada yako hajafa, basi waichukue, na niwaone wakija kuwaeleza wale wanawake wa benchi. Sidhani watathubutu. Lakini wewe ndiye unawajua, mimi najua samaki.

Bamba sikuligusa. Fanuel alitaka kulibandua siku ile ile, nikamzuia. Halikuwekwa na Fanuel. Limefungwa kwa skrubu nne, nimezitazama, za kawaida tu. Hoteli yangu inafunguliwa kila siku, hata bila mteja, na meza ya mbele utamkuta Asli. Utakuja mchana, siku ya soko, watu wakiwa wamejaa barabarani. Utanawa. Utaketi na mimi tule sahani moja, mkono wako na wangu, mpaka iishe. Kisha tutakwenda Homa Bay.

Usiniandikie tena kabla ya hapo. Njoo na bisibisi.

Dada yako aliye hai,
Bhoke Mirumbe